Pima Kumi kwa Mkono Wangu

Nyinyi mtakaoshika ufunguo wa ghala baada yangu, la kwanza ni hili: kufuli halifunguki mpaka mliinue kidogo na kulisukuma kushoto. Msiligonge kwa jiwe. Mimi nililigonga miaka mingi na halikujifunza kitu. Ndani mtakuta glavu kumi na moja, magongo manne, kofia za plastiki za wapigaji, mfuko wa kokwa za tende, na kamba ya makumbi ya nazi yenye mafundo. Kamba hiyo msipimie chochote. Wala msiitupe. Sababu nitaieleza, ila kwa mpango, maana Maalim Badi ameniambia kwamba mtu akistaafu aandike yale ambayo wenzake hawatayakuta kwenye daftari.

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tano, si kwa ujinga wala kwa shida, ila siku moja nilipita mahali watu wanachoma chokaa nikasimama kutazama, na nilipomaliza kutazama shule ilikuwa imefungwa muhula. Toka hapo nikawa hivyo. Nilikata mawe Manda mpaka nikajua jiwe linavyopasuka. Nilipakia mchanga kwenye punda Lamu mjini. Nilipika kwenye boti ya mizigo, nikafagia hoteli Shela, nikauza maji. Kazi nikishaielewa, miguu huanza kuwasha. Marehemu mama alikuwa akisema, "Lali, wewe hufanyi kazi, wewe waichungulia."

Nilifika Matondoni kuchungulia ufundi wa vyombo vya baharini, nikawa msaidizi wa Fundi Omari, kazi yangu kusukuma pamba kwenye nafasi za mbao. Fundi alikuwa mrefu wa mikono na mfupi wa maneno. Mimi ni mfupi wa vyote isipokuwa maneno. Alinifunza kupima kama wanavyopima pale: unashika kamba, unanyoosha mikono yote miwili, na kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni pima moja. Unafunga fundo. Akanipa sharti moja tu.

"Chombo hupimwa kwa mkono mmoja," alisema. "Ukianza wewe, umalize wewe. Usimpe mtu kamba katikati."

"Na mkono ukiwa mfupi, Fundi?"

"Chombo hakina habari ya futi. Kina habari ya mkono wa alokiunda."

Neno hilo lilinipendeza, nikalihifadhi. Yako maneno ambayo ni bora mtu ayasikie na kuyasahau.

Maalim Badi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja karakanani siku moja asubuhi kutaka ubao wa pembe tano. Fundi akamwuliza ni wa mlango gani. Maalim akasema ni wa mchezo unaoitwa besiboli, ambao aliucheza alipokuwa chuo cha ualimu bara, na sasa kituo cha vijana kimeletewa sanduku la vifaa na wafadhili na hakuna mtu anayejua vya nini. Akatoa mpira mfukoni, mweupe, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikauchukua, nikauzungusha.

"Maalim, huu una nini ndani?"

"Sijui. Mimi niliudaka tu, sikuuuliza."

Alasiri ile nilimfuata kituoni nikaupasua. Ndani mna uzi, halafu uzi, halafu uzi, halafu kitu kama mpira wa watoto, na katikati kizibo. Tulikuwa na mipira sita. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, kwa kuifanya mitano. Maalim hakunifukuza. Alisema mtu aliyeupasua ndiye ataushona, na nikaushona kwa uzi wa tanga niliopaka nta, nikaambiwa nibaki. Nimebaki mpaka magoti yalipokataa. Sijakaa mahali pengine popote muda mrefu kama huo, na sababu ni kwamba sijaelewa bado kwa nini mpira ukishikwa hivi huenda wima na ukishikwa vile hupinda. Nimeelezwa mara nyingi. Kuelezwa si kuelewa.

Uwanja ni ule ule mnaoujua, nyuma ya kijiji, na punda ni wale wale au wana wao. Kanuni ya kwamba mpira ukimgonga punda mpigaji husimama besi ya pili, yaani kituo cha pili cha mbio, haimo kwenye karatasi ya Maalim. Ni yangu, na naomba ibaki.

Karatasi ilisema kutoka kibao cha mpigaji, ule ubao wa pembe tano, hadi pale anaposimama mrushaji ni futi sitini na inchi sita. Tepu ya shule ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki kipande. Maalim akashika kiuno.

"Itabidi tungoje Lamu."

"Tungoje nini?" nikasema. "Futi sita ni pima moja. Sitini ni pima kumi. Inchi sita ni shubiri kasorobo."

Maalim akanitazama kwa miwani yake mizito. "Lali, wewe ungesoma!"

Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima. Nikachukua kamba ya makumbi, nikaanza kunyoosha na kufunga. Nilipofika pima ya nne Maalim, ambaye ni mrefu kama mlingoti, akanyoosha mkono. "Lete nami nikusaidie, utachoka."

"La, Maalim. Hupimwa kwa mkono mmoja."

Nikamaliza mwenyewe, mafundo kumi. Pale fundo la mwisho lilipofika tukafukia jiwe bapa la Manda nililolichonga kwa mkono wangu, na hapo warushaji wetu wakasimama miaka mitatu. Besi nazo nilizipima kwa kamba hiyo hiyo. Kazi safi, mstari mmoja, mkono mmoja.

Katika mchezo huu, kama hamjaliona bado, timu ni mrushaji. Wengine wanane wanaweza kuwa kama punda wetu, lakini mrushaji anayefungua mchezo akiwa mzuri mnakwenda nyumbani mkiimba. Sisi tulikuwa wabovu mwanzoni. Wavulana walirusha kama wanaofukuza kunguru. Matumaini yalianza siku alipokuja Famau.

Famau alikuwa wa Kizingitini, kijana wa miaka kumi na sita, aliyeletwa kwa shangazi yake Bi Rukia asome huku. Kwao alikuwa akirusha kimia, ule wavu wa duara wa mtu mmoja, na mwenye kurusha kimia harushi kwa mkono. Huzungusha kiuno, bega likafuata, mkono ukaja mwisho kama mkia. Nilimpa mpira nikamwambia, "Rusha kama kimia." Mdakaji wetu Aboud aliuona ukija, akafumba macho, glavu ikalia paa. Halafu akaivua akautazama mkono.

"Ami Lali," akasema, "huyu mumemtoa wapi? Mrudisheni."

Kwa miaka mitatu nililichunga bega lile kuliko nilivyowahi kuchunga kitu. Bega la kijana ni nyuzi, si mbao. Nilisoma kwenye simu kwamba mrushaji mchanga ahesabiwe mipira na apumzishwe siku kadhaa, basi nikawa nahesabu kwa tasbihi. Bi Rukia akapita na kikapu chake akasimama ukingoni.

"Lali! Wamdhikiri nani hapo?"

"Bega la mpwao, Bi."

"Astaghfirullah. Tasbihi si ya kuhesabia mtu kurusha mpira. Kesho ndoo nyumbani ntakupa kokwa."

Aliposema njoo, nilikwenda, na ndiyo asili ya mfuko wa kokwa za tende. Ni sabini. Kila mrusho, kokwa moja hutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Wa kulia ukiisha, kijana huenda nyumbani hata akilia. Ukitaka kudanganya, kokwa zinakwambia uongo wako zikiwa mfukoni mwako.

Tukawa wazuri. Au tulijiona hivyo, maana tulikuwa tukicheza sisi kwa sisi, upande wa juu na upande wa chini. Famau alifungua mchezo kwa upande mmoja na Aboud, niliyemgeuza mrushaji, kwa upande wa pili. Wapigaji wetu walilalamika mpira waja haraka mno, nami nikajivuna. Kisha Mombasa ikatuita. Timu ya huko ilitaka mchezo wa kirafiki, na kocha wao alisema katika simu kwamba anatafuta warushaji wawili vijana wa kwenda kambi ya mazoezi bara, miezi mitatu, na shule humo humo. Maalim alimweleza Famau mbele yangu. Jioni yake nilimkuta uwanjani peke yake anafagia mchanga juu ya jiwe lake kwa mkono.

Tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi, tukafika. Uwanja wao ulikuwa na nyasi. Hakukuwa na punda, jambo lililowatia wavulana wasiwasi. Famau akapanda kile kilima kidogo cha mrushaji, akazungusha kiuno, akaachia.

Mpira ukadunda mbele ya kibao kama chura.

Wa pili vile vile. Wa tatu akauinua zaidi, ukapita juu ya kichwa cha mdakaji. Mipira minne mibovu, na mpigaji hupewa besi ya kwanza bure, akitembea kama anayekwenda dukani. Wakatembea watatu. Vijana wa Mombasa waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wakaanza.

"Oya Lamu! Mpira wenu umeishiwa na bando?"

"Mpe nauli ufike, bana!"

Nikamwendea. "Nini, mwanangu?"

"Sijui, Ami. Mkono ni ule ule."

Alitoka jasho la mtu mgonjwa. Nikamtoa, nikamwingiza Aboud, naye akafanya vile vile. Jambo la ajabu ni kwamba wapigaji wetu walikuwa wakipiga kila kitu. Walisema mipira ya Mombasa yaja polepole, mtu aweza kuichagua. Lakini walipokimbia, kila mara waliguswa kwa mpira na kutolewa hatua mbili au tatu kabla ya besi, wakishangaa kama watu waliofika nyumbani wakakuta mlango umesogezwa. Hapo ndipo kitu kilipoanza kunitambaa mgongoni.

Tulifungwa vibaya. Yule kocha alimshika Famau bega, akamwambia asijali, akaenda kuzungumza na watu wengine. Wavulana walipokuwa wakila mahamri upande wa kivuli, nilifungua begi. Kamba ya makumbi ilikuwa imefungia magongo. Nikaifungua, nikaanza kwenye kibao, nikainyoosha kuelekea kilimani. Fundo la kumi likaishia kwenye nyasi tupu, na ubao mweupe wa mrushaji uko mbele bado. Nikalala chini kupima pengo, kichwa kwenye fundo, miguu kuelekea kilima. Mimi sikutosha kulijaza.

Nikakumbuka neno la Fundi Omari. Chombo hakina habari ya futi. Kweli, maana chombo hakijibu ila kwa nafsi yake, mbao kwa mbao. Lakini uwanja utakutana na viwanja vingine. Pima yangu si futi sita. Ni tano na kidogo. Nilikuwa nimefuata ufundi kwa uaminifu kabisa, nikawafundisha vijana miaka mitatu kurusha mpaka mahali ambapo hapapo.

"Ami, mbona umelala?" Famau alikuwa amesimama juu yangu.

"Nimechoka."

"Na kamba?"

"Ya kufungia mizigo."

Akaitazama, akanitazama, akaenda zake. Njia nzima hadi Mokowe alikaa dirishani, na tulipofika akanitia mpira mkononi. "Mpe mwenye mkono, Ami."

Hapo ningesema. Mngekuwa nyinyi mngesema, natumai. Mimi nilijiambia nitarekebisha kwanza, maelezo baadaye. Nikaazima tepu mpya kwa fundi bomba wa Lamu, na baada ya sala ya alfajiri nikafukia jiwe jipya futi saba na nusu nyuma ya lile la zamani, nikalifunika la zamani kwa mchanga. Alasiri Famau akaja peke yake. Alirusha mara tano kutoka jiwe jipya, zote zikaanguka. Hakuuliza kitu kuhusu jiwe. Alikuwa ameshajua jibu lake: mkono umekufa. Nami nilikuwa nimesimama pale, kokwa mfukoni, mdomo umefungwa.

Siku tatu baadaye Bi Rukia akanikuta dukani. "Mpwangu yuwarudi kwao. Asema atazamia kambakoche na kakaze. Skuli ataka kuiwata. Wewe wamjua, Lali, mwambie."

Kijana wa bega lile aache shule akazamie kamba wa baharini na kaka zake! Nilikimbia gatini. Boti ya Kizingitini ilikuwa ikipakia unga, na Famau ameketi juu ya magunia.

"Famau, shuka. Si mkono wako. Ni wangu." Nikanyoosha mikono yangu miwili mbele ya watu wote, mifupi, kama mtu anayeitisha usaidizi. "Nilipima kwa hii. Mulirusha kutoka karibu miaka yote. Mkono wako ni mzima, wataka miezi tu ya kuzoea."

Nahodha akageuka kututazama.

"Miaka mitatu, Ami?"

"Mitatu."

"Na siku ile ulipolala kwenye nyasi, ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi kupima hakukuniuma," akasema. "Yeyote aweza kukosea kupima." Akageuza uso upande wa maji, na boti ikaondoka. Hakumaliza shule. Simu zangu hakuzishika.

Nilimweleza Fundi Omari nikitaka lawama tugawane. Aliendelea kutia msumari. "Mimi nalikufunda chombo," alisema, "sikukufunda mtanga." Ni haki yake; chombo na uwanja wa mchanga ni mambo mawili.

Maalim Badi hakukasirika, jambo lililokuwa baya zaidi. Alisema yeye ndiye aliyenyoosha mkono kusaidia na kukubali kukataliwa, basi tugawane yeye na mimi. Tukaanza upya. Aboud alikaa mwaka mzima akirusha kutoka jiwe jipya kabla mpira haujafika vizuri, na ulipofika akawa mzuri kwa subira kuliko kwa nguvu. Tulirudi Mombasa tukafungwa kwa pointi moja. Tukarudi tena tukashinda, na wale wa ukutani wakauliza bando tumenunua wapi. Ni furaha, sikatai. Lakini niliposikia glavu ikilia paa, kila mara sikio langu lilingoja mlio mwingine, ule wa kwanza, na haukuja.

Sasa mna vijana watatu wa kufungua mchezo. Sijawahi kuona watatu kwa pamoja, na natumaini timu itapanda kwa sababu yao, mradi msiwe na haraka. Yule mrefu msimruhusu kupinda mpira mpaka bega likomae. Yule wa mkono wa kushoto hudanganya kokwa; hesabuni wenyewe. Wa tatu huogopa watazamaji, basi mfanyisheni mazoezi siku ambayo akina mama wanarudi kisimani, maana hakuna ukuta wa Mombasa wenye ulimi kama wao. Na kila mrushaji mpya, siku yake ya kwanza, ashike ncha moja ya tepu na mwenzake ashike nyingine, wapime wenyewe kutoka kibao hadi jiwe. Kisha muonyesheni jiwe la zamani. Nimelifukua. Mkikosea, semeni siku ile ile, kwenye nyasi pale pale.

Wiki niliyokabidhi ufunguo, simu ililia kwa namba nisiyoijua.

"Ami Lali? Ni Famau."

Nikakaa chini. Ana watoto wawili sasa, sauti imekuwa nzito. Tulisalimiana kwa urefu, Bi Rukia, magoti yangu, bei ya kambakoche. Kisha akasema, "Nimepima uwanja huku, nyuma ya skuli."

"Umepima kwa nini?"

"Kwa tepu." Nikamsikia anacheka kidogo. "Watoto wawili wameshika, mmoja huku, mmoja huku. Futi sitini na inchi sita. Ninao vijana kumi na wawili, wote warusha kimia. Tuletee timu, Ami."

"Na wewe warusha?"

"Mimi nazamia. Bega limekaza." Akashusha sauti. "Ila wakishaondoka wao, hubaki kidogo."

"Wafika?"

Nilisikia upepo kwenye simu, na mtoto akimwita.

"Ndoo uone," akasema.

Basi hilo ndilo ombi langu, na sina lingine. Mtakapopanga safari ya Kizingitini, niwekeeni nafasi moja kwenye boti na glavu moja ya mdakaji, ile kuukuu yenye uzi wa tanga. Sitafundisha, sitahesabu kokwa, sitapima kitu. Wakishaondoka vijana nitachuchumaa nyuma ya kibao, kwa magoti haya haya, ninyooshe mkono, ningoje.